Katoni ya Habari Mlangoni pa Godauni

Habari ninayowaletea leo nimekaa nayo wiki tatu bila kuiandika, na mhariri wangu, ambaye hunifokea nikichelewa hata saa mbili, safari hii amenivumilia bila kuuliza neno. Mpima mizigo wetu amefariki. Amefia hapa Guangzhou, hospitalini, Alhamisi asubuhi, baada ya kuugua ini kwa miezi minne, na tayari amezikwa kwao Njombe, kwenye udongo mwekundu aliokuwa akiusifia utadhani kwingine watu wanazikwa hewani. Wasomaji wa siku nyingi mnamfahamu, kwa kuwa nimemtania katika safu hii mara nyingi kuliko alivyostahili. Ndiye yule niliyekuwa nikimwita mtani, naye akiniita hivyohivyo. Hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa marafiki wa kutembeleana kila Jumapili. Tulikuwa watu wawili wa mji mmoja tuliokutana ugenini, yeye shabiki wa bendi moja ya ngoma na mimi shabiki wa bendi nyingine, na hilo lilitosha kutuweka pamoja kwa zaidi ya miaka ishirini. Namkumbuka kwa furaha, na nalisema hilo mapema ili asiwepo msomaji wa kunitumia salamu zilizolowa machozi. Kulia nimekwisha kulia, tena kwa sauti, na sasa nataka kumsimulia.

Kazi yake ilikuwa kupima. Ukinunua nguo pale Shisanhang, soko la nguo za jumla, ukazifunga na kuzipeleka kwenye godauni la ejenti karibu na bandari ya Huangpu, yeye ndiye aliyekupokea na tepu yake ya chuma. Alipima urefu, upana na kimo cha kila katoni, kwa kuwa mzigo wa meli hulipiwa kwa ujazo, akataja kipimo kwa sauti, kisha akakiandika ubavuni kwa maka peni. Sisi wanunuzi tulikuwa na ujanja wetu wa kushindilia nguo mpaka katoni ifure katikati, tukitegemea apime pembeni ambako haijafura. "Dada, katoni yako imeshiba," alikuwa akisema huku akiweka tepu juu ya tumbo lenyewe. "Na mimi napima palepale iliposhiba." Ungembembeleza, ungemwita kaka, ungemkumbusha kwamba kwenu ni kumoja, naye angekujibu kwa neno ambalo kila muuza duka wa hapa hulitumia kukatalia: "Meiyou, dada. Hamna." Kisha angecheka na kukusaidia kubeba. Tajiri wa godauni, Mchina tuliyemwita laoban kama tunavyowaita matajiri wote wa hapa, hakuwahi kurudia kipimo chake hata siku moja. Nasi wateja, tukishamaliza kununa, hatukupeleka mizigo kwingine.

Sasa hizo bendi. Njombe tulikuwa na bendi mbili za ngoma za gwaride, na bado tunazo, zote zikiwa zimeanzishwa na vijana wa kanisani zamani sana. Kila moja ina ngoma kubwa mbili, ngoma ndogo kama kumi hivi, matoazi, tarumbeta chache, na kiongozi anayetangulia mbele na fimbo yenye kishada. Bendi ya Juu ni ya mtaa wa mlimani, na ndiyo iliyokuwa yake. Bendi ya Chini ni ya mtaa wa bondeni, karibu na mto, na ndiyo yangu hadi nife. Kila mwaka mwezi wa nane zinashindana uwanjani, na siku hiyo mji hugawanyika hata ndani ya nyumba moja, mume akashangilia huku na mke kule, na chakula cha jioni kikapikwa kutegemea nani kashinda. Asiyezaliwa kule huona ni mchezo wa watoto. Kulikuwa na mwanamke Mkenya aliyekuwa akipakia mizigo yake pamoja nasi, akatusikiliza tukibishana kuhusu mpiga matoazi kwa nusu saa nzima. "Haki nyinyi Wabongo mko na shida," akasema. "Si hii ni ngoma tu?" Tulimwonea huruma. Sisi tuliopanda ndege kuja kununua suruali na redio tulikuwa tumeacha mambo mengi nyumbani, na kila mmoja alikuwa na moja alilokataa kuliacha. Letu lilikuwa hilo.

Leo habari za bendi zinanifikia kabla mpigaji hajaweka vijiti chini. Vijana wanarusha picha wakiwa palepale uwanjani, na mimi nikiwa dukani kwangu Shisanhang naona hadi kifungo kilichokatika kwenye shati la mpiga tarumbeta. Miaka ile haikuwa hivyo kabisa. Redio za nyumbani hazikutufikia, magazeti hayakuandika ngoma za mji mdogo, na barua ilikuwa inafika watu wamekwisha kusahau waliuliza nini. Tulikuwa na simu za vibandani, za kupigia kwa kadi ya kukwangua, ambayo dakika zake zilikwisha pale tu mtu wa upande wa pili alipoanza kusema la maana. Tulikuwa na video za kwenye sidii, zilizofika zimefungwa ndani ya soksi au katikati ya Biblia ya mtu ili zisikwaruzike. Zaidi ya yote tulikuwa na midomo ya wasafiri. Ilijengeka desturi, na sijui aliyeianzisha, kwamba mtu yeyote wa kwetu anayetua Guangzhou apitie kwanza godauni la Huangpu kutua habari, ndipo aende sokoni. Wengine walifika na mabegi yao yote, macho mekundu kwa safari. Tuliwakalisha juu ya robota, tukawapa chai, tukawahoji bila huruma. Nani anapiga ngoma kubwa siku hizi? Yule kiongozi wa mbele, mguu umepona? Sare mpya ni ya rangi gani?

Mtani alikuwa anasimama pembeni na maka peni yake, akisikiliza. Mtu akimaliza kusimulia, yeye alichana ubavu wa katoni tupu, akauandika na kuutundika mlangoni, na kila shabiki aliyekuja kuleta mzigo aliusoma kabla ya kusalimia. Jambo lililoitofautisha katoni yake na umbea wa kawaida ni kwamba kila habari aliiandikia imetoka kwa nani, na huyo mtu aliona au alisikia. Nakumbuka baadhi hadi leo. "Bendi ya Juu imepata ngoma ndogo mbili mpya. Ameona: mama wa vitenge, alizigusa." "Bendi ya Chini itabadilisha sare. Amesikia: fundi redio, kwenye basi." Habari iliyosikiwa haikupanda kuwa habari iliyoonwa mpaka atue msafiri mwingine aliyeshuhudia, na hapo mtani alikuwa anafuta neno moja na kuandika jingine. Wakati mwingine ilichukua miezi. Tulimsihi aache ukaidi, tukamwambia kwamba hili si kontena na ngoma hazipimwi kwa tepu. Alikuwa anatusikiliza kwa adabu, kisha anarudi kwenye katoni zake. Tukasubiri, na sijui niwaelezeje vijana wa leo kwamba kusubiri kule kulikuwa na raha yake. Jambo moja dogo tulilijadili wiki tatu, tukalipamba, tukalipinga, na lilipothibitishwa tulikuwa tumekwisha kulipenda.

Sasa nijianike mwenyewe. Mwaka mmoja siku ya mashindano mtani alikuwa Nansha, kwenye ile bandari kubwa ya kusini, akisimamia upakiaji wa kontena, kwa hiyo kazi ya kupiga simu ikaniangukia mimi. Nilikwenda kibandani saa kumi na moja jioni, ambayo kwetu nyumbani ni saa sita mchana, muda ambao mashindano huwa yanamalizika. Nilimpigia muuza duka ambaye duka lake linatazamana na uwanja. Kelele zilikuwa nyingi. Akaniambia, "Subiri usikie mwenyewe," akautoa mkono wa simu dirishani. Wasomaji wangu, nilizisikia. Zilikuwa ngoma za Bendi ya Chini, sina shaka, kwa yale mapigo mawili ya haraka ya ngoma kubwa ambayo hakuna mwingine anayeyapiga. Zilipigwa kwa madaha, zikipita taratibu mbele ya duka, na watu wakipiga vigelegele. Kadi ikakatika kabla muuza duka hajarudi kuzungumza. Mimi sikuhitaji mazungumzo. Nilitoka kibandani nikicheza, na muuza kadi akasogeza kiti chake ndani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa godauni kabla ya laoban. "Mtani, pole sana," nilimwambia. "Tumewachapa."

"Nani aliyeona?"

"Aliyeona wa nini? Nimesikia kwa masikio yangu haya. Ngoma zetu ndizo zilizokuwa zinapigwa mwishoni, watu wanashangilia."

Aliacha kupima. "Mwishoni kabisa, dada? Wakitoka uwanjani?"

"Mwishoni kabisa. Wanapita mbele ya duka, wanaelekea kanisani."

Aliikunja tepu yake taratibu, nikadhani anameza uchungu. Kisha akachukua katoni na kuandika: "Bendi ya Chini imesikika ikipiga mwishoni, kuelekea kanisani. Amesikia: mtani. Aliyeona: bado hayupo." Nililalamika kwamba maneno hayo hayana shangwe. Akasema shangwe ni juu yangu. Basi nikaifanya. Jumapili nilipika wali wa nazi, kuku, maharage na mboga, nikawaalika mashabiki wote, wa Chini na wa Juu, hawa wa Juu nikiwaalika hasa ili niwaone wakiumia. Wakaja, tena mapema, na hawakuonekana kuumia. Mtani alikula sahani mbili na kusifia wali. Nilitoa hotuba. Niliwapa pole wa Bendi ya Juu mara tatu tofauti, na kila mara waliinamisha vichwa, mmoja wao akatoka nje kabisa, nikadhani amekwenda kulia.

Siku nane baadaye akatua mfanyabiashara wa spika, mtu wa Makambako, akiwa na sidii yenye video ya mashindano yote. Tukaiweka kwenye televisheni ndogo ya godauni. Nikawaona vijana wa Bendi ya Juu wakitoka uwanjani mikono mitupu, kimya, vichwa juu, na nyuma yao Bendi ya Chini yangu ikiwapigia. Hapo ndipo nikakumbuka, mbele za watu, jambo ambalo kila mtoto wa Njombe analijua. Kwetu washindi hawapigi. Wanaoshindwa ndio huwapigia ngoma washindi kuanzia uwanjani hadi mlangoni pa kanisa, kwa heshima, na mshindi hutembea tu. Nilikuwa nimetembea nyuma ya ngoma hizo tangu najifunza kutembea, na miaka michache ya Guangzhou ikanitosha kusahau. Mashabiki wa Juu walikuwa wamelielewa lile andiko la katoni siku ileile. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini sakafuni.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza mtani kicheko kilipopungua.

"Ningekuambia nini, dada? Na mimi sikuwa na aliyeona." Akafuta machozi ya kicheko. "Halafu wali ulikuwa mtamu."

Nilinuna mwezi mzima. Siku moja tulipokuwa Nansha tukingoja kontena ifungwe, nikamuuliza kwa hasira iliyobaki, amerithi wapi ugonjwa huu wa aliyeona na aliyesikia. Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Mwaka wake wa kwanza hapa alifariki mwanamume mwingine wa mkoa wetu, kwa ajali ya barabarani. Mtu akasikia hapa, akampigia mtu Dar es Salaam kwamba yule wa Njombe aliyeko China amefariki. Wa Dar akampigia yule muuza duka wa karibu na uwanja, na muuza duka, kwa nia njema kabisa, akapanda mlima kumwambia mama yake mtani. Mama aliomboleza siku nne. Majirani walilala sakafuni, vyungu vikapangwa uani, na kwaya ikaimba. Siku ya tano mtani, asiyejua lolote, alipiga simu dukani kuulizia mazoezi ya bendi, na muuza duka akaangusha simu. Walipomleta mama, hakukubali kwamba ni mwanawe. "Aliniuliza mbuzi aliyenivunja jino utotoni alikuwa wa rangi gani," mtani alisema. "Nikamwambia mweusi mwenye doa jeupe tumboni. Akaniuliza doa lilikuwa upande gani. Nilimjibu maswali mpaka kadi ikaisha, dada, na hata hapo aliniamini nusu. Tangu siku hiyo mama yangu akisikia simu inaita, anashika kifua." Sikununa tena baada ya hapo, ingawa kuhusu wali nilimkumbusha mpaka mwaka huu.

Simu za kisasa zilipofika, katoni ya mlangoni ilikufa kifo cha kawaida. Hakuna aliyeiua. Watu waliacha kuisoma kwa sababu walikwisha kusoma mfukoni, na wasafiri wakawa wanatua na kwenda moja kwa moja sokoni. Likaundwa kundi la simu la mashabiki wa bendi zote mbili, lina mamia ya watu, Njombe, Dar, Guangzhou na miji mingine ambayo sikujua kama ina watu wetu. Sitaki kuwa mzee wa kulalamika. Kundi lile limenipa furaha nyingi, na nimeona humo watoto wa watoto wa wapigaji ninaowakumbuka. Mtani naye alilipenda, akawa mtu wa kutuma picha za ngoma na maua kila asubuhi mpaka tukamwomba apunguze. Lakini kila mtu alipoandika "nasikia kiongozi wa Bendi ya Juu amehama", yeye alikuwa anajibu kwa neno moja, "Nani kaona?", na vijana walimwona kama babu anayepinga kila kitu. Mimi mwenyewe, ambaye nalipwa kwa kuandika, nimewahi kusambaza humo habari tatu ambazo hazikuwa kweli. Moja ilimuumiza mtu. Nilifuta, lakini kufuta hakukumfikia kila aliyesoma, na hilo mnalijua nyote mnaoshika simu.

Alipolazwa nilikuwa namtembelea baada ya kufunga duka. Alikonda haraka, ila utani haukukonda. Wiki mbili kabla ya kufa aliniomba nisogeze kiti.

"Mtani, nina ombi. Mama asisikie kwa simu. Wala asiambiwe na mtu aliyeambiwa. Uende wewe."

"Kwa nini mimi? Una ndugu."

"Ndugu wako kule. Wewe utakuwa umeona."

Nilimwambia anatafuta tu njia ya kumchosha mtu wa Bendi ya Chini kwa safari ndefu. Akacheka, akakohoa, akanishika mkono. "Na ufike kabla ya grupu," akasema. Nikaahidi. Wasomaji, nimeahidi mambo mengi maishani, na hakuna lililoniogopesha kama lile. Safari ya kutoka hapa hadi kwa mama yake, ndege na basi, ni siku mbili ukiwa na bahati. Habari kwenye kundi la simu ni kufumba na kufumbua. Mama amepita miaka themanini, na mara moja tayari alikwisha kuuliwa mwana kwa mdomo wa watu.

Alhamisi ile asubuhi tulikuwa watatu kando ya kitanda: mimi, laoban, na yule mfanyabiashara wa spika wa Makambako. Ilipokwisha, sikutoa simu mfukoni. Nilikwenda godauni, nikatoka godauni nikaenda Shisanhang, nikazunguka kwa wale ambao lazima wangejua siku ileile, mmoja mmoja, nikawaambia kwa mdomo. Kila mmoja nilimwomba jambo moja tu, asiandike. Mama mmoja wa vitenge alikuwa amekwisha kushika simu akilia. Akaifunga kwenye mkoba, akanikabidhi mkoba. Laoban, ambaye Kiswahili chake ni "habari" na "lete", aliwaambia wafanyakazi wake vivyo hivyo kwa Kichina. Jioni nilikuwa kwenye ndege.

Ijumaa, nikiwa kwenye foleni ya uhamiaji Dar es Salaam, nikafungua kundi. Mtu wa Njombe alikuwa ameuliza: "Mzee wa katoni kimya tangu Jumatatu, hata maua hatumi. Kuna mwenye habari?" Chini yake yule wa spika, ambaye hajui kusema uongo, alikuwa amejibu: "Habari yake inakuja kwa miguu. Tuisubiri." Nikajua mambo yameharibika. Mtu yeyote mwenye akili angeelewa, na mmoja angeweka mshumaa, mwingine angeandika apumzike kwa amani, na wa tatu, anayeishi mlimani, angevuka uani kwenda kumpa mama pole. Nikasimama pale na kungoja. Ofisa aliniita mara mbili. Hakuna aliyeandika. Kijana mmoja aliweka video ya mazoezi, akaifuta. Nililala Dar, nikapanda basi alfajiri, na kila kituo nilifungua kundi. Iringa, kimya. Makambako, kimya. Watu mamia kadhaa, mashabiki wa ngoma, watu ambao hawawezi kunyamaza hata kiongozi akibadilisha kamba za viatu, walikaa na jambo wanalolijua siku nzima na nusu bila kuandika herufi. Nimewatania sana katika safu hii. Kwa hilo nawavulia kofia.

Nilifika kwa mama Jumamosi saa kumi na moja jioni. Alikuwa ameketi uani akimenya njegere, na pembeni yake jirani yake, mwanamke wa makamo, shabiki wa Bendi ya Chini kama mimi. Baadaye niliambiwa kwamba huyo alikuwa amekaa pale tangu asubuhi ya Ijumaa, aliposoma kundini lile jibu la wa spika, akija na njegere zake mwenyewe zilipokwisha za mama, ili mtu mwingine asipate nafasi ya kukaa. Aliponiona na begi akasogeza ungo, akanipisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kamwene." Baada ya salamu hiyo ya kikwetu alinitazama vizuri. "Wewe ni wa bondeni."

"Ndiyo, mama. Natoka China. Nimekuja kwa ajili ya mwanao."

"Anaumwa?"

"Alikuwa anaumwa, mama. Amefariki. Juzi Alhamisi, asubuhi."

Aliweka chini ganda alilokuwa ameshika. "Nani kakuambia?"

"Sikuambiwa, mama. Nilikuwepo."

"Ulikaa upande gani wa kitanda?"

"Wa kulia. Upande wa dirisha."

"Alisema nini?"

"Aliomba maji. Alikunywa mafunda mawili. Hakusema kitu tena."

"Macho alifumba mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

Jirani alikuwa ameshika mdomo kwa khanga. Mama akaangalia miguu yangu, kisha akauliza polepole, "Yule mtoto tangu kuzaliwa miguu yake ni baridi. Walimwacha miguu wazi?"

"Hapana, mama. Alikuwa na soksi nzito, za kijivu. Nilimvisha mimi Jumatano."

"Wewe, kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

Akaichukua mikono yangu yote miwili, akaigeuza, akaitazama viganja na migongo, akaishika kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Basi ni kweli," akasema, ndipo akalia, na sisi tukalia naye. Alilia mpaka alipotaka kuacha. Kisha akajifuta uso kwa khanga, akaokota lile ganda la njegere na kulitupa kwenye ungo. "Haya," akaniambia. "Sasa waambie wengine."

Maisha yangu yote ya kuandika nilidhani kwamba sifa ya mleta habari ni kuwahi. Mpima mizigo amenifundisha vingine, na imenibidi nivuke nusu ya dunia ndipo nielewe. Habari ya kifo ina mwenyewe. Yeye ndiye wa kupewa kwanza, na apewe na mtu anayeweza kumjibu kila anachouliza, hata akiuliza soksi. Sisi wengine, tuwe mamia au maelfu, tunaweza kungoja, na nimeona kwa macho yangu kwamba tukiombwa tunaweza.